Namna Muhogo Ulivyopokonywa Kinga Yake

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na pande zake mbili kuna joto. Ukishika njia ya magharibi utapita Matai na kuteremka hadi Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 hivi. Ukienda mashariki utavuka milima ya Mbizi na kushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Rukwa, wanakolima mpunga. Juu ya uwanda Wafipa walizoea ulezi na maharage, na baadaye mahindi, kwenye ntumba zao, yale matuta ya duara yanayofukiwa nyasi ili zioze na kurutubisha udongo. Kule Kirando, Kabwe na Kasanga chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo kwa migebuka au dagaa.

Tofauti hiyo ya mita elfu moja ina uzito wake katika historia hii. Nzi mweupe, mdudu wa urefu wa milimita moja hivi anayejificha chini ya jani na kufyonza utomvu, hupenda joto, na yeye ndiye mbebaji wa virusi vya muhogo. Kwa miaka mingi wataalamu waliandika kwamba michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ukiwa bado ardhini, ni wa ukanda wa pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, na kwamba haupandi zaidi ya mita 1,000. Kuanzia mwaka 2004 maneno hayo hayakushika tena. Ili kuelewa kilichotokea lazima tuanzie mbali, kwenye milima ya Usambara, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg alichapisha maelezo kuhusu mazao ya Usambara. Humo alitaja muhogo wenye majani yaliyojikunja na kupotoka umbo. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana kuhusu batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifungua taasisi ya utafiti Amani, juu ya Muheza, na mwaka 1906 mmoja wa wanasayansi wake, Albrecht Zimmermann, alikisia kuwa ugonjwa ule unasababishwa na kirusi. Lilikuwa ni kisio la mtu mwenye jicho kali, maana wakati huo hakuna binadamu aliyewahi kukiona kirusi. Hadubini za elektroni zilikuwa bado hazijabuniwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Amani ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akafika pale Harold Haydon Storey. Alitokea Afrika Kusini, ambako alikuwa amethibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo arukaye, Cicadulina mbila. Jaribio alilolifanya Amani linafaa kuelezwa polepole. Aliona kwamba ndani ya spishi hiyo moja wapo wadudu wanaoweza kueneza kirusi na wapo wasioweza, hata wakinyonya kutwa kwenye jani bovu, na kwamba hali hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Ndipo akachukua sindano nyembamba mno na kuwatoboa tumboni wale wasioweza. Kirusi kilichokuwa kimezuiliwa utumboni kikapenya hadi kwenye damu ya mdudu, na wadudu wale wale wakaanza kuambukiza mahindi. Kwa tundu moja la sindano Storey alionyesha kuwa kati ya kirusi na kiumbe kinachokibeba kuna kizuizi hai, na kwamba kizuizi kikiondolewa mambo hubadilika papo hapo. Ingechukua miaka sitini na zaidi kujua kuwa hata mmea una kizuizi chake, na kwamba kirusi chenyewe hubeba cha kukitoboa.

Mwaka 1936 Storey alieleza kwa mara ya kwanza michirizi kahawia. Miaka miwili baadaye, pamoja na R. F. W. Nichols, alichapisha utafiti wa batobato uliothibitisha kazi ya nzi weupe na kuonyesha kuwa ziko aina kali na aina pole za kirusi. Nichols ndiye aliyeishika kazi ya mbegu. Katika mihogo ya kawaida hakupata kinga ya kutosha, basi akageukia mti wa jamii ya muhogo ambao Wajerumani walikuwa wameuleta kwa ajili ya utomvu wa mpira, Manihot glaziovii. Ule ni mti mzima, na mizizi yake hailiki. Alipouchanganya na muhogo alipata vichotara vigumu kwa ugonjwa lakini vyenye mizizi myembamba ya mti. Akavirudisha kwa muhogo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila kizazi akichagua machipukizi yasiyokunjamana, mpaka ukapatikana mmea wenye mizizi ya kuliwa na ukaidi wa mti wa mpira. Baada yake D. L. Jennings aliendelea, hadi mwaka 1957 mradi ulipofungwa.

Naona kufungwa kwa mradi ule kulikuwa ni hasara kubwa kwa nchi hii, nami sioni sababu ya kulificha hilo. Muda si mrefu kabla ya hapo mbegu za vichotara vya Amani zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na huko ukachaguliwa mmea ulioitwa 58308. Mwaka 1971, S. K. Hahn alipoanza kazi ya muhogo katika taasisi ya IITA, Ibadan, aliutumia mmea huo kuwa mzazi. Kutokana na ukoo huo ikapatikana mbegu ya TMS 30572, ambayo miaka ya 1990 ilirudi Afrika Mashariki kuwaokoa watu wa Uganda. Damu ya Usambara ilizunguka bara zima kabla ya kurejea karibu na nyumbani. Na kichotara kingine cha Amani, 46106/27, hakikuhitaji safari hiyo: wakulima wenyewe walikitunza mashambani, pwani ya Kenya wakikiita Kaleso, na kusini mwa Tanzania wakikiita Namikonga. Hadi leo ni miongoni mwa mihogo inayohimili michirizi kahawia vizuri zaidi.

Lakini hakuna mtu wa Amani aliyejua kinga ile inafanyaje kazi. Walichagua kwa macho. Jibu lilianza kupatikana mahali pengine kabisa, na lilichelewa mno.

Mwaka 1928, mwaka ule ule Storey alipokuwa akiizoea Amani, S. A. Wingard wa Virginia, Marekani, alichunguza tumbaku iliyoambukizwa kirusi cha madoa ya duara. Majani ya chini yalikuwa mabaya, yamejaa makovu. Ya juu, yaliyochipua baadaye, yalikuwa safi. Akayapaka kirusi kile kile, yasiugue tena. Mmea ulikuwa umejifunza. Wingard aliandika alichokiona, na kwa miongo saba hakuna aliyeweza kukieleza. Mmea hauna damu wala chembe nyeupe za kupigana; utajifunzaje?

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliokuwa wakitaka maua ya petunia yenye zambarau iliyokolea waliongeza nakala ya jeni ya rangi, na maua yakatoka meupe: mmea ulikuwa umezima jeni mpya pamoja na ile yake ya asili. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, wakifanya kazi na minyoo, walionyesha kuwa kichocheo cha kuzima huko ni RNA yenye nyuzi mbili, na mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1999, huko Norwich, Uingereza, Andrew Hamilton na David Baulcombe waliviona kwenye mimea vipande vifupi mno vya RNA, vyenye herufi 25 hivi, vikifuatana na jeni iliyozimwa. Hapo tumbaku ya Wingard ikapata maelezo yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kirusi kikiingia ndani ya seli huanza kujinakili, na katika kujinakili hutoa RNA ya nyuzi mbili, kitu ambacho mmea wenye afya hauna sababu ya kuwa nacho kwa wingi. Mmea una kimeng'enya kinachoitwa Dicer, ambacho huikatakata RNA hiyo vipande vya herufi 21 hadi 24. Kipande kimoja hukabidhiwa protini nyingine, Argonaute, ambayo hukishika na kuzunguka nacho kama mgambo aliyepewa picha ya mwizi. Kila RNA inayolingana na picha hiyo hukatwa. Vipande vingine hutangulia hadi kwenye machipukizi, na jani jipya linapofunguka hukuta ulinzi umeshapangwa. Ndiyo maana majani ya juu ya Wingard yalikuwa safi.

Sasa swali likageuka. Kama mmea una ulinzi wa namna hii, kwa nini batobato ipo? Kwa nini mkulima wa Kirando aone shamba zima limekunjamana?

Mwaka 1998 maabara kadhaa zilileta jibu karibu kwa wakati mmoja, miongoni mwao ya Vicki Vance na ya James Carrington huko Marekani na ya Baulcombe Uingereza. Virusi vya kundi kubwa la poti, vinavyoshambulia viazi, maharage na mahindi, hutengeneza protini inayoitwa HC-Pro ambayo huuvunja ulinzi ule. Mwaka uliofuata Olivier Voinnet na wenzake walivijaribu virusi vya koo nyingi na kukuta vingi vina protini ya kazi hiyo, kila ukoo na ya kwake. Katika orodha yao vilikuwemo virusi viwili vya kwetu: protini AC2 ya batobato ya Afrika, na P1 ya kirusi cha njano ya mpunga, ambacho kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu. Hizi protini hazifanani kwa umbo wala kwa asili. Baadhi huvikumbatia vile vipande vifupi visimfikie Argonaute; nyingine humkamata Argonaute mwenyewe; nyingine huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni za mmea ule ule zipunguze ulinzi. Virusi vilivyotofautiana kwa kila kitu vimefika kwenye hila moja, kwa sababu bila hila hiyo visingeishi.

Wakati wanasayansi wakiandika hayo, Uganda ilikuwa ikipita kwenye njaa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kuanzia wilaya ya Luwero na maeneo ya jirani, batobato ilibadilika ikawa kali kuliko ilivyowahi kuonekana. Mimea ilidumaa, majani yakawa vitambaa vya njano vilivyosokotwa, mizizi ikawa mikia. Ebwanateraka, muhogo uliopendwa sana upande wa mashariki, ukatoweka mashambani. Ugonjwa ulisonga kusini kilomita 20 na zaidi kwa mwaka, nzi weupe wakifuatana nao kwa wingi usio wa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Kagera, kisha ukazunguka Ziwa Victoria na kushuka upande wa Kigoma.

Kisa chake kilijulikana mwaka 1997. Kabla ya hapo virusi viwili vya batobato vilikuwa vimegawana Afrika: kimoja, ACMV, kikikaa magharibi hadi Uganda na magharibi mwa Kenya, kingine, EACMV, kikikaa pwani ya Kenya na Tanzania hadi Malawi na Madagaska. Uganda vikakutana ndani ya mmea mmoja. Wakati wa kujinakili, kipande cha jeni ya gamba la cha kwanza kilihamia kwa cha pili, na kikazaliwa kirusi chotara. Lakini mimea iliyoumia kupita yote haikuwa na chotara peke yake. Ilikuwa na chotara pamoja na ACMV, vyote viwili kwa mara moja.

Maelezo ya kwa nini viwili vinaua ambapo kimoja kinaumiza tu yalitolewa mwaka 2004 na R. Vanitharani, Claude Fauquet na wenzao wa kituo cha Danforth, St. Louis, wakitumia virusi vilivyotoka Kamerun. Kirusi cha batobato ni kidogo ajabu. Tangu mwaka 1983, herufi zake zote zilipochapishwa kwa mara ya kwanza kutokana na sampuli ya Kenya, tunajua kwamba kina duara mbili za DNA zenye jumla ya herufi zisizofika 6,000. Katika nafasi hiyo finyu zimo protini mbili za kuzima ulinzi, AC2 na AC4. Walichokikuta ni kwamba virusi havizitumii sawa. ACMV hutegemea zaidi AC4, ambayo hukamata RNA fupi za mmea, zikiwemo zile unazotumia kupangia umbo la majani yake. Ndiyo sababu jani la batobato hupotoka badala ya kunyauka tu. Jamaa wa EACMV wa huko Kamerun hutegemea AC2. Mmea uliougua ACMV pekee mara nyingi hupata nafuu: majani mapya hutoka na dalili chache, na ndani yake vipande vifupi vya ulinzi vimejaa. Ukiambukizwa vyote viwili, ulinzi huzimwa kwa njia mbili zisizofanana, na nafuu haiji. Kila kirusi humfungulia mwenzake mlango ambao peke yake asingeufungua wote.

Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote katika habari hii, kwa sababu unahamisha macho kutoka kwenye ukali wa kirusi hadi kwenye kukutana kwa virusi.

Viazi vitamu vinalithibitisha jambo hilo kwa uwazi wa kutisha. Kiazi kinaweza kuishi na kirusi cha madoa-manyoya, SPFMV, miaka na miaka bila mkulima kuona tofauti. Kikiongezeka cha pili, SPCSV, kinachobebwa na nzi weupe, mmea hudumaa, majani huwa membamba kama kamba, na mavuno huisha. R. F. Karyeija, Mganda aliyefanya utafiti huo pamoja na wenzake, alionyesha mwaka 2000 kuwa kile kirusi pole huongezeka takriban mara 600 mwenzake anapoingia. Mwaka 2009 watafiti wa kituo cha kimataifa cha viazi cha Lima na wa Helsinki walifanya jaribio la kukata mzizi wa fitina. Walichukua jeni moja tu ya SPCSV, ile ya protini iitwayo RNase3, wakaiweka ndani ya kiazi chenye afya. Kisha wakakiambukiza kirusi pole. Kiazi kikaugua ugonjwa kamili, ingawa kirusi cha pili hakikuwepo. RNase3 hukikata kipande cha ulinzi chenye herufi 21 mpaka kibaki na 14 hivi, na kwa urefu huo hakifai tena kwa lolote. Protini moja ilitosha kuufanya mmea usijue adui wake.

Turudi kwenye michirizi kahawia. Mwaka 2004 ugonjwa huu, ambao kwa miaka sabini ulihesabiwa kuwa wa nyanda za chini, ulionekana Mukono, Uganda, kisha ukaenea kuzunguka Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Idadi ya nzi weupe ilikuwa imepanda sana maeneo hayo tangu wimbi la batobato, na watu walikuwa wakisafirisha pingili kutafuta mihogo iliyohimili. Ugonjwa huu una ubaya wake wa pekee. Batobato huonekana kwa mbali. Michirizi kahawia inaweza kukuachia shamba la kijani. Majani ya chini tu ndiyo yana njano inayofuata mishipa, na shina changa lina mistari ya kahawia. Unang'oa muhogo, ganda ni safi, mzizi ni mnene. Unaumenya na kuukata, na ndani unakuta mabaka ya kahawia makavu kama gome, yamesambaa mpaka kati. Huwezi kuupika, wala kuukausha ukatoa unga wa kuliwa. Mtu amengoja mwaka mzima.

Deusdedith Mbanzibwa, Mtanzania aliyekuwa akisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Helsinki, ndiye aliyeongoza kazi iliyofunua silaha ya kirusi hiki. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha maandishi kamili ya kirusi kilichotoka Muleba, mkoani Kagera, zaidi ya herufi 9,000. Walitarajia kukuta HC-Pro, kwa kuwa jamaa zake wengi wanayo. Hawakuikuta. Kazi ya kuzima ulinzi inafanywa na P1, protini ya kwanza kabisa kutengenezwa kirusi kinapoingia. Walikuta pia jeni iitwayo HAM1, ambayo ni nadra mno kwenye virusi vya mimea. Ilibainika vilevile kuwa ugonjwa una virusi viwili tofauti, CBSV na UCBSV, na vyote viwili vipo Tanzania.

Na hatujafika mwisho wa maajabu. Joseph Ndunguru na wenzake walionyesha mwaka 2005 kuwa Afrika Mashariki, na Tanzania ndani yake, ndiyo yenye aina nyingi zaidi za virusi vya batobato kuliko sehemu nyingine ya bara. Mwaka 2016 wakaeleza vipande viwili vidogo vya DNA, SEGS-1 na SEGS-2, vilivyopatikana kwenye mihogo ya Tanzania iliyougua vibaya. Peke yake hivyo si ugonjwa. Vikifuatana na kirusi cha batobato huzidisha dalili, na SEGS-1 huvunja hata kinga ya mihogo yenye jeni ya CMD2, ambayo mbegu nyingi bora za Afrika huitegemea. Historia ya Amani inarudia swali lake: kinga iliyojengwa juu ya nguzo moja hudumu kwa muda gani?

Namikonga na jamaa zake wanatoa matumaini, na watafiti wanazidi kuchanganya ukoo huo na mihogo mingine. Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2021 mamlaka yake ya usalama wa bayoteknolojia iliidhinisha muhogo uliowekewa vipande vya jeni za gamba za virusi vyote viwili vya michirizi kahawia, ili mmea uwe na picha ya adui kabla hajaja na P1 yake isipate muda wa kutangulia. Mwaka huo huo Tanzania ilisitisha majaribio ya mazao ya namna hiyo. Hapa kwetu, basi, tegemeo ni mbegu za kuchanganya kwa njia ya kawaida na usafi wa vipando.

Hilo linatufikisha Ufipa. Uwanda huu umepewa baridi, na baridi huwapunguza nzi weupe. Ni zawadi ambayo Muheza na Mtwara hawana. Lakini zawadi hiyo ni ya mdudu tu. Pingili haziogopi mwinuko. Zikikatwa kwenye shamba bovu la mwambao zikapakiwa lori, zinapanda Ufipa na virusi vyake ndani, na zikishuka upande wa Bonde la Rukwa zinakuta joto na nzi wanaozisubiri. Marando ya viazi ni vivyo hivyo. Hata mazao ambayo Sumbawanga inajivunia hayako nje ya habari hii. Mwaka 2018 Beatrice Mwaipopo na wenzake walitoa matokeo ya upimaji wa maharage nchi nzima: sampuli 7,756, na virusi vya aina 15. Viwili vilivyo muhimu zaidi, vya batobato ya maharage, ni vya lile kundi la poti lenye HC-Pro, na vyote viwili hukaa ndani ya punje, zile zile ambazo kila kaya huweka kando kwa msimu ujao. Upande wa mahindi, ugonjwa wa kuua mahindi uliozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011 na kuonekana Tanzania mwaka uliofuata nao ni wa virusi viwili: kimoja kinachodhoofisha, cha pili chenye HC-Pro. Rukwa ni moja ya maghala ya mahindi ya taifa, na hatari hii inapaswa kufuatiliwa huku kwa jicho kali.

Kwa viongozi wa mkoa, ombi ni moja: pawepo na maabara ya kupimia virusi vya mimea Sumbawanga penyewe, ili sampuli ya Kasanga ziwani au Muze bondeni isisubiri safari ya Mbeya au Dar es Salaam wakati vipando vinaendelea kuhama. Na kwako wewe mkulima: kabla hujapanda, kata pingili moja utazame kama shina lina mistari ya kahawia, ng'oa mmea pingili ilikotoka uukate mzizi, na uangalie majani ya chini, siyo ya juu pekee. Chukua vipando kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kama yupo wa kumfikia. Chagua punje za maharage kutoka mimea uliyoiona ikiwa na afya shambani. Na usichanganye kwenye tuta moja vipando vya Ziwa Tanganyika na vya Bonde la Rukwa mpaka vyote viwili vimekaguliwa, maana kirusi kimoja mmea unaweza kukishinda.